Homa ya Ini na Saratani ya Tezi

Namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni neno moja: LI-M-FO-MA. Lisomeni pamoja.

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokaa katika tezi. Tezi ziko shingoni, kwapani na kwenye kinena. Wengu nao, ulio chini ya mbavu za kushoto, ni nyumba ya chembe hizo.

Wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba homa ya ini ya virusi vya B na vya C huharibu ini, hata likapata saratani. Jambo lisilosikika sana ni hili: virusi hivyo hivyo huongeza hatari ya limfoma. Je, ini na tezi za shingo zina uhusiano gani?

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Adui akiingia, huongezeka kwa kujigawa: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Adui akishindwa, askari hupungua tena. Lakini virusi hivi huweza kukaa mwilini miaka 20 au 30, na askari hawapati likizo. Kila chembe inapojigawa hunakili maagizo yaliyo ndani yake. Ninyi mnaojifunza kuandika mnajua: anayenakili sentensi ile ile mara elfu, siku moja ataruka herufi. Kosa likiangukia mahali pabaya, chembe haijui tena kuacha kujigawa. Hapo limfoma huanza.

Mwaka 2002, daktari Olivier Hermine na wenzake huko Ufaransa walieleza habari za wagonjwa 9 waliokuwa na limfoma ya wengu pamoja na virusi vya C. Waliwapa intaferoni, dawa ya kupigana na virusi. Kwa wagonjwa 7, virusi vilipotoweka katika damu, limfoma nayo ilitoweka. Wagonjwa wengine 6 walikuwa na limfoma kama hiyo, lakini hawakuwa na virusi vya C. Walipewa dawa ile ile, na hakuna hata mmoja aliyepata nafuu. Mimi niliposoma habari hiyo nilirudi nikaisoma tena. Vita vilipokwisha, ugonjwa uliolelewa na vita ulikwisha pia.

Si kila limfoma huondoka hivyo. Zile kali hutaka dawa za saratani. Wala msiogope kupita kiasi. Wenye homa ya ini walio wengi hawapati limfoma kamwe.

Siku hizi virusi vya C hutibiwa kwa vidonge, kwa kawaida majuma 8 hadi 12, na katika watu 100 zaidi ya 95 hupona. Virusi vya B ni vigumu kuviondoa kabisa, lakini vidonge huvituliza, na ipo chanjo ya kuvizuia. Mtoto apewe ya kwanza katika saa 24 baada ya kuzaliwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu mwenye virusi vya B akipata limfoma, baadhi ya dawa za limfoma huwapunguza askari wa mwili, na virusi vilivyolala huamka. Ini huweza kuharibika ghafula, na wako waliokufa kwa sababu hiyo. Akijulikana mapema, hupewa vidonge vya kuvizuia virusi kabla ya matibabu kuanza. Usitegemee kukumbuka kama uliwahi kuwa na macho ya manjano. Wengi hawakuona dalili yoyote. Damu ndiyo itakayosema.

Basi mwenye uvimbe wa tezi usiopungua, hata kama hauumi, au anayekonda na kutoka jasho la kulowesha shuka usiku, aende hospitali.

Fungueni madaftari. Andikeni sentensi hii, kila mtu kwa mkono wake: “Naomba nipimwe damu, virusi vya homa ya ini B na C.” Aliyemaliza amsomee jirani yake.