Mlango wa Maandalizi Usiwe wa Kubahatisha

Leo nina swali. Mama anauza mboga sokoni Darajani, mjini Zanzibar, na anakaa Fuoni, nje ya mji. Anatoka kwake alfajiri, anarudi magharibi imeshaingia. Mwanawe ametimiza miaka minne. Amwandikishe maandalizi, yaani madarasa ya kabla ya darasa la kwanza, wapi: skuli ya jirani na nyumba yake, au ya jirani na meza yake?

Akimwandikisha Fuoni, watoto wa maandalizi hutoka mapema, na huyo mama bado yuko sokoni. Nani atampokea mtoto? Akimleta mjini, ataulizwa anakaa shehia gani, naye atajibu kweli kwamba si mkaazi wa hapa. Mtoto wa darasa la tano utamtia kwenye daladala na nauli yake mkononi. Wa miaka minne lazima awe na mtu wa kumshika mkono, kwenda na kurudi.

Nimeanza na huyu mama kwa sababu uandikishaji wa maandalizi tunauchukulia kama jambo dogo. Tunaona ni watoto wa kuimba na kucheza, asiyepata nafasi mwaka huu atapata mwakani. Lakini Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 haikulichukulia hivyo. Iliweka miaka 2 ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima, ikashusha umri wa kuanza darasa la kwanza kutoka miaka 7 hadi 6, na baada ya hapo miaka 6 ya msingi. Kwa hesabu hiyo, mtoto anayeambiwa “subiri mwakani” akiwa na miaka minne amepoteza nusu ya maandalizi yake. Akiambiwa tena akiwa na mitano, yamekwisha yote.

Na kuna jambo la pili, ambalo wazazi wa mjini wanalijua vyema. Pale madarasa ya maandalizi yanapokuwa ndani ya skuli ya msingi, mtoto aliyeingia maandalizi anavuka tu uwanja kwenda darasa la kwanza. Walimu wanamjua, jina lake limo daftarini. Ndiyo maana mzazi anapigania nafasi ya maandalizi kwa nguvu zote: anajua kwamba anapigania nafasi ya miaka minane.

Wenzetu wa Uingereza wamelitazama suala hili kwa upande wao. Huko mtoto aliyesoma kwenye maandalizi ya skuli hapati haki ya moja kwa moja ya kuendelea na skuli hiyo hiyo. Mzazi lazima aombe upya, na maombi yake yapimwe kwa vigezo vilivyotangazwa kabla. Mtoto aliyelelewa nyumbani au kwengineko naye anapata kushindania nafasi. Sisemi tuige. Kwetu maandalizi ni sehemu ya elimu ya lazima, na kumtoa mtoto pale aliposhazoea ni kumtesa bure. Ninachokipenda kwao ni vigezo kutangazwa mapema, kila mzazi akavisoma.

Sisi Wazanzibari tuna sababu zetu wenyewe za kulitaka hilo. Tarehe 23 Septemba 1964 Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza elimu bila malipo, baada ya miaka mingi ambayo skuli zilitenganishwa kwa kabila na uwezo. Mwaka 2015 michango ya wazazi katika skuli za msingi ikafutwa. Kikwazo cha kabila kilivunjwa, cha fedha kikapunguzwa. Visije vikarudi kwa sura nyengine: ya nani kawahi foleni, nani anajuana na nani, mtoto wa nani anajua kuhesabu mpaka ishirini.

Hili la kuhesabu linaniuma. Zipo skuli zinazomkalisha mtoto wa miaka minne mbele ya mwalimu asiyemjua na kumhoji kabla ya kumpokea. Mtoto anaogopa, anang'ang'ania buibui la mama yake, hajibu kitu. Anaandikwa kwamba hayuko tayari. Hayuko tayari kwa lipi? Maandalizi ndiyo pa kumtayarisha. Kumtahini mlangoni ni kuwapa nafasi waliokwisha kufundishwa majumbani na kuwafungia wanaoihitaji zaidi.

Visiwa hivi vimewahi kuonesha njia nyengine. Kuanzia mwaka 1990 mradi wa maandalizi ya madrasa, uliozaliwa Mombasa katika miaka ya 1980 kwa juhudi za watu kama Bi Swafiya Said, ulifika hapa ukakaa na jamii zenyewe. Watoto wakafunguliwa madarasa ya maandalizi yenye Kurani na michezo pamoja. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, redio ikawa mwalimu: vipindi vya Tucheze Tujifunze vilirushwa hewani, na mtu wa kijiji hicho hicho akawakusanya watoto mahali pasipokuwa na skuli. Vituo hivyo ndivyo tunavyoviita TuTu mpaka leo. Hapo darasa lilimfuata mtoto. Watoto hao wakifika miaka sita nao wanahitaji darasa la kwanza, na wasipokewe kama wageni kwa sababu hawakuanzia ndani ya ua wa skuli.

Kwa hiyo naziomba kamati za skuli na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali mambo manne.

Kwanza, kabla ya siku ya kuandikisha, kila skuli ibandike ubaoni idadi ya nafasi zake na nani anatangulia: mwenye umri mkubwa zaidi, mwenye ulemavu, mwenye ndugu skulini, wa karibu. Orodha ya waliopokewa nayo ibandikwe hapo hapo.

Pili, ukaribu uhesabiwe kwa nyumba au kwa kazi ya mlezi. Sheha wa mama anapoishi aandike anapokaa, uongozi wa soko uthibitishe anapofanya kazi, na skuli za karibu na Darajani zitenge nafasi kwa watoto kama wake.

Tatu, darasa la kwanza lisijae waliotoka maandalizi ya ndani peke yao. Nafasi zibakishwe kwa wa TuTu na kwa waliokuwa majumbani.

Nne, asirudishwe mtoto kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Aandikishwe kwa kadi yake ya kliniki, mzazi apewe muda na aelekezwe pa kukitafuta.

Najua nafasi hazitoshi, na walimu wakuu wanabebeshwa lawama zisizo zao. Skuli za ghorofa zinajengwa, tunashukuru. Lakini uhaba ukiwapo ndipo utaratibu unapohitajika zaidi, kwa sababu nafasi chache zisizo na utaratibu huishia kwa wenye sauti. Mzazi aliyekosa nafasi kwa kigezo alichokisoma atasikitika, ila atajua kwamba hakudhulumiwa, na atajua pa kwenda.

Nawe mzazi unayenisikiliza, uandikishaji ujao usingoje foleni. Nenda skulini mapema, muulize mwalimu mkuu vigezo viko wapi. Kama havipo, iambie kamati yako ya skuli iviandike. Ni haki yako kuviona, na mwanao ni haki yake kusoma.