Mungu Muumba na Mwalimu wa Elimu ya Viumbe

Wapenzi wakristu, nanyi wakatekumeni mnaotusikiliza vijijini, somo letu la leo ni juu ya fungu la kwanza la Nasadiki, lile ambalo ndani yake twamkiri Mungu kuwa Muumba wa mbingu na dunia.

Jioni moja mzee wa kijiji chetu alitujia, uso wake umekunjamana. Mwanawe amerudi likizo kutoka shule ya sekondari, naye amesema mbele ya wadogo zake ya kwamba mwili wa mtu na mwili wa sokwe vina asili moja, na ya kwamba mkatekista huwadanganya watu. Mzee akatuambia: «Mwalimu, sitalipa tena fedha za shule. Afadhali mtoto asiyejua kusoma kuliko mtoto asiyemjua Mungu. Tena wageni walikwisha kutuita nyani zamani. Je, sasa watoto wetu wajiite hivyo wenyewe?»

Hatukumcheka mzee huyo. Maneno yake yana uchungu wa kweli. Mwaka 1906 mtu wa Kongo, jina lake Ota Benga, aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, ndani ya nyumba ya nyani, ili watu wapate kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga jambo hilo la aibu, naye akatolewa. Mtu akumbukaye mambo kama hayo, atakosaje kushtuka asikiapo habari za sokwe?

Lakini hasira haitoshi kutenga kweli na uongo. Yafaa basi tumjue mtu mmoja aliyeshika elimu hii kwa mkono mmoja na imani yake kwa mkono wa pili, wala hakuangusha hata moja.

Mtu huyo ni Kenneth Miller, Mkatoliki wa Marekani. Mwaka 1980 alianza kufundisha elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Brown. Kwa darubini zenye nguvu nyingi alichunguza sehemu ndogo mno za majani, zile zipokeazo mwanga wa jua na kuufanya kuwa nguvu ya mmea. Pamoja na mwenziwe Joseph Levine alitunga vitabu ambavyo wanafunzi wengi wa sekondari katika nchi yao wamejifunza kwavyo.

Mwaka 2004, katika mji wa Dover, jimbo la Pennsylvania, wakubwa wa shule waliamuru wanafunzi wasomewe tangazo la kutilia shaka mafundisho ya mageuzi ya viumbe, yaani ya kwamba viumbe vimebadilika polepole tangu zamani sana, na vyote vina ukoo mmoja. Wazazi 11 wakapeleka shauri mahakamani. Mwaka 2005 shahidi wa kwanza kusimama upande wa wazazi alikuwa Miller. Yeye amwaminiye Mungu Muumba aliyatetea mafundisho ya mageuzi mbele ya hakimu! Kwa nini? Kwa sababu shahidi hutakiwa kusema kweli, nayo kweli haimwogopeshi Mungu.

Sikilizeni moja ya hoja zake. Ndani ya mwili wetu mna nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ziitwazo kromosomu, nazo huchukua urithi tuupatao kwa baba na mama. Mtu anazo 46, yaani jozi 23. Sokwe na gorila wanazo 48, yaani jozi 24. Basi, ikiwa asili ya miili yetu ni moja, ile jozi nyingine imekwenda wapi?

Tufananishe na kamba ya kufungia mbuzi. Msokotaji hufunga kila ncha kwa uzi, ili kamba isifumuke. Nawe ukiona kamba ndefu yenye nyuzi za namna hiyo katikati yake, utajua mara moja ya kwamba zamani zilikuwa kamba mbili, kisha zikaunganishwa. Vivyo hivyo wataalamu waliitazama kromosomu ya pili ya mtu. Katikati wakakuta alama ambazo mahali pake ni nchani tu. Kamba mbili ziliungana kuwa moja. Kama alama hizo zisingalionekana, mafundisho hayo yangalipata shida kubwa. Lakini zimeonekana.

Wapenzi, angalieni sasa neno hili. Alama hiyo ya kuungana ni ya wanadamu wote. Mzungu anayo, Mwafrika anayo, aliyefungiwa katika nyumba ya nyani alikuwa nayo, na waliokwenda kumtazama walikuwa nayo vilevile. Basi elimu hii haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumdharau mwenziwe. Yashuhudia ya kwamba sisi sote tu ukoo mmoja, jambo ambalo Eklezya imelifundisha tangu mwanzo.

Tarehe 20 Desemba 2005 hakimu aliwapa wazazi haki. Naye Miller hakuiacha Misa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 alikuwa amekwisha kueleza ya kwamba si vema kumtafuta Mungu mahali elimu yetu inapokoma tu, kana kwamba Mungu hujificha katika giza la ujinga wetu. Mungu ndiye chanzo cha vyote, vile tuvijuavyo na vile tusivyovijua. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Notre Dame kilimpa nishani ya Laetare, ambayo ni heshima kubwa kwa Wakatoliki wa Marekani.

Na Eklezya yasemaje? Mwaka 1950 Papa Pio XII alifundisha ya kwamba wataalamu waweza kuchunguza asili ya mwili wa mtu, lakini roho ya kila mtu huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema ya kwamba mafundisho ya mageuzi si dhana tu, bali yamepata nguvu kwa uchunguzi wa wengi. Kitabu cha Mwanzo chatuambia ni nani aliyetuumba, na kwa nini. Hakikuandikwa kutuhesabia kromosomu.

Hayo tulimweleza mzee, mwanawe akiwapo. Kisha tukamwuliza kijana: «Kitabu chako kimekuonyesha jinsi kamba ilivyoungwa. Je, chaweza kukuambia kwa nini ni dhambi kumdharau baba yako?» Akainamisha kichwa. Mzee naye alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema: «Basi, atarudi shuleni. Lakini wewe, Mwalimu, usichoke kumjibu.»

Neno hilo lilituchoma. Kweli, sisi wakatekista tuna kosa. Mara nyingi mtoto alipouliza, tulimnyamazisha, nasi tukadhani ya kuwa tumeilinda imani. Kumbe tulimwonyesha njia ya kutoka.

Enyi wazazi, msiwaondoe watoto shuleni kwa sababu ya maswali. Enyi vijana, msiwadharau wazee kwa sababu ya kitabu kimoja.

Maulizo ya kukumbuka:

Nani aliyeumba vitu vyote? Ni Mungu, Baba Mwenyezi.

Mkristu aweza kuchunguza asili ya mwili wa mtu? Ndiyo, maana kweli haipingani na kweli.

Roho ya mtu yatoka wapi? Yatoka kwa Mungu, aiumbaye mwenyewe.

Kwa nini tusimdharau mtu yeyote? Kwa sababu sote tu ukoo mmoja, tulioumbwa kwa mfano wa Mungu.

Mungu awabariki. Yezu Kristu asifiwe!