Neno "Boi" na Vitanda vya Kariokor

Katika maneno ya Kiingereza yaliyotumika Nairobi zama za ukoloni, hapana lililowadhalilisha wanaume wa Kiafrika kwa wepesi kuliko neno "boi", ambalo kwa Waingereza wenyewe ni mtoto wa kiume, lakini humu mjini aliitwa kwalo mpishi mwenye mvi na mtunza bustani mwenye wajukuu, naye akaitika kwa kuwa riziki yake ilikuwa mkononi mwa aliyemwita. Mtu huyohuyo, jua lichwapo akarejea mtaani Pumwani, alipokewa kwa taadhima, akaitwa mzee, akasuluhisha magomvi ya majirani.

Wako wadhanio kuwa lile lilikuwa tusi la ulimi tu. Mimi siafiki. Dharau ile ilitiwa katika mishahara na hata katika matofali, kwa maana serikali iliyomhesabu mtu mzima kuwa kijana asiye na ahali ilimpimia ujira wa mtu mmoja na kumjengea pa kulala mtu mmoja. Ndiyo asili ya mabweni ya makapera kule Kariokor, mtaa uliopata jina kwa wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambamo wanaume walilala kitanda kwa kitanda ilhali wake na watoto wao wamesalia mashambani. Juu ya hayo, tangu yapata 1920, mwanamume wa Kiafrika aliyetimu miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, yaani kitambulisho, aghalabu ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni.

Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo iliyomfikiria Mwafrika pamoja na jamaa yake. Wafanyakazi nao hawakunyamaza: Mei 1950, viongozi wa vyama vyao, Fred Kubai na Makhan Singh, walipokamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Na 1954 kamati ya serikali chini ya Carpenter ikakiri yale waliyoyajua zamani wake waliosalia mashambani, kwamba mshahara wa kapera hauwezi kulisha nyumba, ikashauri mishahara ipimwe kwa haja za familia.

Kinachoniuma, wasikilizaji wangu, ni kusikia hata leo mzee anayelima bustani ya watu akiitwa "shambaboi", na anayemwita huenda ni mjukuu wa mtu aliyelala Kariokor.