Njia ya Miguu na Baiskeli: Maneno Tuliyowaambia Wanachama wa Wema

Leo hatukuja kusema habari ya mshahara, lakini jambo tulilo nalo launusa mshahara kwa karibu.

Mmefikaje hapa? Walio wengi kwa miguu, wengine kwa baiskeli, na wa ng'ambo ya mto kwa mtumbwi. Ndivyo twendavyo kazini na sokoni Garsen. Apandaye bodaboda kwenda na kurudi siku sita ahesabu mwenyewe nauli inavyokula kibarua chake. Mwenye baiskeli nzima na njia nzuri hubaki na fedha hiyo mfukoni. Basi njia nayo ni sehemu ya mshahara.

Mwaka 2017 ilianza kazi ya kutia lami barabara ya Lamu, Witu na Garsen, kilomita 135. Twaisifu lami, kwa maana mgonjwa na mzigo wa maembe hufika upesi. Lakini lami imeleta mwendo. Lori na basi zikipishana, sisi wenye mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli hushuka mchangani. Mwenzetu mmoja alishuka hivyo alfajiri, akaanguka, akavunjika mkono. Miezi miwili hakushika jembe, na kibarua halipwi siku asiyofanya kazi. Hakugongwa na mtu, hata awepo wa kushitakiwa. Kilichomwangusha ni njia isiyokuwepo.

Wengine wamekwisha kuliona jambo hili. Nairobi, ambako zaidi ya safari nne katika kumi zilikuwa za miguu, mwaka 2015 serikali ya jiji ilitoa sera ya waendao kwa miguu na baiskeli, ikaahidi asilimia 20 ya fedha za uchukuzi kwa ajili yao. Ni neno jema. Lakini hata leo ziko njia nyingi za Nairobi ambamo mtembea kwa miguu hugombea nafasi na magari. Ahadi ya karatasi haitembei yenyewe, lazima isukumwe.

Sasa tujue mlango wa kubisha. Kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti, taa za njiani na vivuko ni kazi ya serikali ya kaunti. Barabara kuu ya Lamu ni ya serikali ya taifa. Tukipeleka shauri lisilo lake kwa ofisi isiyo yake, tutazungushwa mpaka tuchoke.

Tunataka haya:

1. Katika barabara kuu, ukingo mpana wa kupita miguu na baiskeli mpaka Garsen, na matuta ya kupunguza mwendo karibu na shule.

2. Katika njia za kaunti, tuta lililoinuliwa juu ya maji. Novemba 2023 mafuriko yaliikata hata barabara ya Lamu pale Lango la Simba. Sembuse vijia vyetu vya bondeni?

3. Katika vivuko, mitumbwi imara na vifaa vya kuokolea watu.

4. Kwa waajiri, mahali penye paa pa kufungia baiskeli.

Sheria yataka wananchi wasikilizwe katika bajeti, na makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kila mwaka. Atakayengoja Juni atafika mtoni mtumbwi umekwisha kuvuka.

Kwa hiyo, kila kijiji kichague watu wawili. Jumatatu ijayo wakae njiani tangu alfajiri hata saa tatu, wahesabu: wa miguu wangapi, baiskeli ngapi, pikipiki ngapi, magari mangapi. Waandike daftarini. Mwenye kalamu ofisini huweza kubisha maneno yetu, lakini hesabu iliyoandikwa na watu wa vijiji vyote ataibishia wapi?

Wanachama, miguu hii ndiyo inayolima na kuvuna. Tuidai njia yake pamoja. Umoja ni nguvu.