Kazi Yako Ndani ya Programu ya Mwenzio



Nimeombwa nizungumzie programu za kompyuta ya mezani zinazofaa kwa kazi za kila siku, na zile zinazowafaa vijana wetu wanaoandika programu wenyewe. Naona wengi mmekuja na kalamu mkitarajia orodha. Majina nitayataja, na ninazozipenda sitazificha. Hata hivyo, mlaji anayeuliza tu ni programu ipi iliyo nzuri anaacha swali zito zaidi: siku programu hii itakapoondolewa, itakapopanda bei au itakapokataa kufunguka, kazi yangu nitaitoaje humo?

Tuanze na steshenari. Mtu anayetaka kadi za mchango wa harusi, ratiba ya ibada ya mazishi au vyeti vya semina huenda huko, na mara nyingi mchapaji humfungulia Microsoft Publisher. Ni programu nyepesi kujifunza, na imelisha familia nyingi. Sasa Microsoft imetangaza kwamba baada ya Oktoba 2026 Publisher haitahudumiwa tena, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza kuyafungua mafaili yao kwa programu hiyo. Mfikirieni mwenye steshenari aliyehifadhi kadi za miaka kumi katika umbo hilo moja tu. Hakuibiwa, wala kompyuta yake haikuungua. Kadi zake zimo palepale kwenye diski, ila mlango umefungwa na mwenye nyumba.

Nafuu ipo, lakini haisubiri. Mafaili hayo yahifadhiwe pia kama PDF wakati Publisher ingali inafanya kazi, kwa kuwa PDF hufunguka karibu katika kila kompyuta na kila simu. Kwa vile PDF ni ngumu kuhariri, kadi ambazo mteja mwingine ataziomba kwa jina jipya na tarehe mpya zijaribiwe katika Draw, iliyomo ndani ya LibreOffice. Draw husoma mafaili ya Publisher. Siwaahidi kwamba kila herufi itakaa mahali pake. Mpangilio huyumba mara nyingine, na kazi ya kuunyoosha itabaki kuwa yenu. Ni afadhali kuinyoosha leo, taratibu, kuliko siku ambayo mteja amesimama dirishani na harusi ni Jumamosi.

LibreOffice yenyewe ndiyo programu ninayoiweka ya kwanza kwa barua, muhtasari wa kikao na hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Haiuzwi, haina ada ya mwezi, haikulazimishi kufungua akaunti, na ukishaisakinisha hufanya kazi hata bando likiwa limekwisha. Imekuwa ikitunzwa na The Document Foundation tangu mwaka 2010, ilipochipuka kutoka OpenOffice.org. Mizizi hiyo si migeni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, toleo lililozungumza Kiswahili kuanzia kwenye menyu. Jambo lililo muhimu zaidi kwa mlaji ni kwamba umbo lake la kuhifadhia nyaraka, ODF, lilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Maelezo yake yako wazi, na kampuni yoyote inaweza kutengeneza programu ya kulisoma. Hapo mlango hauna mwenye nyumba mmoja.

Ina upungufu wake. Nyaraka za Word zenye mapambo mengi huweza kubadilika sura, na majedwali ya Excel yenye amri zilizoandikwa ndani yake hayatendi kazi sawasawa kila mara. Mhasibu ambaye ofisi nzima inategemea majedwali ya namna hiyo, ushauri wangu ni kwamba ailipie Microsoft bila kinyongo. Kulipa si ujinga. Ujinga ni kulipa pasipo kujua unalipia nini.

Na hili ndilo linalowapata wengi. Mtu huacha kompyuta kwa fundi, humlipa awekewe Windows na Office, kisha hurudi nyumbani akiamini amenunua programu. Mara nyingi amenunua nafasi ya fundi tu, kwa maana programu yenyewe imevunjwa kufuli kinyume cha leseni, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu. Tuiache sheria kwanza tutazame usalama. Vifaa vya kuvunjia kufuli kwa kawaida humtaka mtumiaji azime kinga dhidi ya virusi kabla ya kuviendesha. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia amekwisha kukueleza nia yake. Anayepoteza nywila za benki kwa njia hiyo hana risiti ya kumdai mtu yeyote. Na hata anayetumia Windows 10 halali ajue kwamba huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Auzaye kompyuta yenye mfumo huo leo aulizwe kama mashine hiyo inakubali Windows 11, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kwa mahitaji madogo nitapita haraka: VLC kwa video na muziki, 7-Zip kwa mafaili yaliyobanwa, Firefox kwa kuperuzi, KeePassXC kwa kutunza nywila. Zote ni za bure. Zipakuliwe katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Tangazo linalotokea juu ya matokeo ya utafutaji linaweza kuwa la mwigizaji aliyejenga ukurasa unaofanana na ule wa kweli.

Kwenu vijana mnaoandika programu, kisa cha Git kinatosha kuwa somo. Watengenezaji wa kiini cha Linux walikuwa wakitunza kazi yao kwa BitKeeper, programu ya kampuni waliyoruhusiwa kuitumia bure. Mwaka 2005 ruhusa ile iliondolewa. Linus Torvalds akaketi akaandika Git, na kwa muda wa majuma machache kazi ya kiini cha Linux ilikuwa imehamia humo. Yeye aliweza kujijengea nyumba nyingine. Wengi wetu hatuwezi. Git leo ni huria, na kila nakala kamili ya mradi hubeba historia yake yote, hivyo seva ikizimwa kazi haipotei maadamu mwenzako mmoja anayo.

Kuhusu kihariri, wengi mnatumia Visual Studio Code, nami siwalaumu; ni kizuri na cha bure. Mkumbuke tu Atom ya GitHub, iliyopendwa sana kisha ikastaafishwa Desemba 2022. Waliokuwa wakiitumia hawakupoteza hata mstari mmoja wa msimbo, kwa sababu msimbo huhifadhiwa kama maandishi ya kawaida yanayofunguka katika kihariri chochote. Walipoteza mazoea, na mazoea hujengwa upya. Walinganisheni na mwenye steshenari wetu mtaona tofauti iko wapi: haiko katika uzuri wa programu, iko katika umbo la faili.

Basi mkiuziwa programu yoyote, iwe ya kuchora kadi, ya duka au ya hesabu za shule, ombeni kuijaribu kwanza. Ingizeni kazi ndogo ya kweli, kwa mfano mauzo ya siku moja. Kisha mwambieni muuzaji aitoe kazi hiyo nje, iwe katika CSV, ODF au PDF, mkaifungue katika kompyuta nyingine isiyo na programu yake. Akisema haiwezekani, au kwamba kutoa data kuna ada ya pembeni, aliandike hilo kwenye ankara pamoja na aina ya leseni, muda wake na bei ya mwaka wa pili. Jaribio lote halizidi nusu saa, na wakati wake ni kabla ya kulipa.