KIFAFA NI UGONJWA WA NEVA: USIACHE DAWA KWA AJILI YA SAUMU



Ndugu zangu vijana, mama zetu na baba zetu, tumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu. Mada yetu ni mfumo wa neva, na hasa maradhi yake moja ambayo katika nyumba nyingi hutajwa kwa kunong'ona: kifafa.

Kwanza tuujue mfumo wenyewe. Stima ya Olkaria, kule Naivasha, huzalishwa mahali pamoja kisha ikasafiri kwa nyaya mpaka kwenye taa za majumbani. Mwili nao una mpango unaofanana na huo. Ubongo, wenye uzito wa kilo 1.4 hivi kwa mtu mzima, ndio kituo kikuu. Kutoka hapo kamba nene ya neva hushuka ndani ya uti wa mgongo, na kwenye kamba hiyo hutoka jozi 31 za neva zinazosambaa mpaka vidoleni. Jozi nyingine 12 hutoka kichwani moja kwa moja kwenda machoni, masikioni, usoni na kwingineko. Ukigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hujahisi uchungu wenyewe. Amri hiyo hutolewa na kamba ya mgongoni bila kungoja ubongo. Subhanallah!

Ndani ya ubongo kuna chembe za neva karibu bilioni 86, na zinawasiliana kwa stima ndogo ndogo. Chembe nyingi zikiwaka kwa pamoja bila mpango, hapo ndipo kifafa hushika. Ikiwa ni ubongo wote, mtu huanguka na kutetemeka. Ikiwa ni sehemu moja tu, huenda ukacheza mkono mmoja peke yake. Na yuko mtoto anayeduwaa sekunde chache madrasa, mwalimu akadhani ni kiburi, akamchapa. Kumbe mtoto hakusikia kitu!

Kinaletwa na nini? Kuumia kichwa katika ajali, matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, uti wa mgongo (homa ile), au kurithi. Kuna hata mayai ya tegu wa nguruwe, ambayo asiyekula nguruwe anaweza kuyapata kwa mboga zisizooshwa au mikono michafu. Wakati mwingine sababu haionekani kabisa. Lakini povu la mdomoni haliambukizi, kwa hiyo usiogope kumshika mgonjwa.

Wengine watasema, "Hilo ni jini." Ndugu yangu, kumsomea mgonjwa dua ni jambo jema. Lakini dua haikuambii umwage vidonge. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta matibabu. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata matibabu yanayofaa. Fenobabitoni, moja ya dawa hizo, imetumika tangu 1912 na bei yake ni nafuu.

Sasa tuje kwenye Ramadhani. Hapa Nakuru tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saumu ni kama saa 13 na nusu, mwaka wowote ule. Kijana anaona haya kula mchana mbele ya wenzake, basi anaruka vidonge. Hiyo ni hatari kubwa. Dawa ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kushika mfululizo bila mtu kuzinduka, na hilo huua. Tena kukosa usingizi huchokoza kifafa. Ukiunganisha tarawehe, televisheni mpaka usiku wa manane, kisha daku, ubongo utapumzika saa ngapi?

Fanya hivi. Nenda kwa daktari, na kama hukumwona kabla ya mwezi kuandama, nenda wiki hii. Dawa ya mara moja au mara mbili kwa siku huenda akaipanga futari na daku. Ya mara tatu ni vigumu, na usijipangie mwenyewe. Akikuambia usifunge, kumbuka kwamba Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa. Habari ya kulipa siku au kutoa fidia muulize sheikh wako. Na sisi wengine tusimtazame vibaya anayekula kwa udhuru.

Akianguka mtu msikitini au jikoni, mwondoe penye moto na vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimpe maji, usimkandamize. Tazama saa: zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, mpeleke hospitali upesi.

Wazazi, msimfiche mtoto chumbani. Mpelekeni kliniki, na mrudisheni shule. Nanyi vijana, mwenye kifafa akija kwenye futari yenu, mpeni nafasi akae katikati yenu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.