Waliopiga Pasi Nao Wahesabiwe

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, ambaye ni fundi wa nguo, aliyoitoa mjini Musoma mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa. Tunaichapa karibu yote kama alivyoisoma.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zangu mliokaa chini kwa sababu sisi wazee tumewanyang'anya viti:

Nashukuru kwa kualikwa. Nilipopata barua ya Katibu ikinitaka nizungumze juu ya kazi yangu, nilidhani amekosea jina. Katika mikutano yetu wamekwisha kuzungumza madaktari, mahakimu, na meja mmoja wa jeshi. Fundi cherehani hajawahi kusimama hapa. Lakini wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Basi hata nikikosea hatua, nitunzeni hivyo hivyo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba nyingine. Jana usiku nimeibadilisha, na sina budi kueleza sababu.

Jana wanafunzi walituonyesha mavazi bwaloni. Tuliona kanzu na koti, tuliona suti ya Chuenlai kama zile walizovaa baba zetu, tukaona vazi la vitenge lililomfanya Mwenyekiti wetu asimame. Vijana walitembea vizuri. Mwishoni mshereheshaji akawaita mmoja mmoja waliovaa, akamwita na aliyepiga muziki, wote wakapewa zawadi. Mimi wakati huo sikuwa ukumbini. Miguu yangu haijazoea kukaa mbele, nikajikuta nimezunguka nyuma ya bwalo. Huko niliwakuta vijana watatu na pasi ya mkaa. Mdogo kuliko wote alikuwa akiipuliza, uso umejaa majivu. Wakaniamkia, nami nikawauliza kama wamekula. Wakajibu, "Bado mzee, tunasubiri nguo zirudi tuzikunje." Makofi yalikuwa yakisikika hadi pale. Hakuna aliyewaita.

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni wa kundi la vijana wale watatu. Leo naomba niwaeleze kazi yao.

Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1988. Sikuchaguliwa kuendelea. Baba mdogo wangu alikuwa akifanya kazi MUTEX, kiwanda cha nguo cha hapa Musoma, nami nilitumaini kuingia huko, haikuwezekana. Nikaenda kujifunza cherehani kwa mzee mmoja aliyeshonea barazani, mtaa wa Mukendo. Baba alikuja akanikuta nimekaa chini nikifumua pindo. Akasema, "Mura, ndiyo kazi niliyokulipia ada?" Sikuwa na jibu. Baadaye nilikwenda Dar es Salaam, na huko nikaingia katika kazi ya kuandaa maonyesho ya mavazi.

Kazi hii ilikuwa na jina baya kwa wazee wetu, na kulikuwa na sababu. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku kuwa ni utamaduni wa kuiga. Mashindano ya urembo nayo yalisimama muda mrefu, yakarudi mwaka 1994. Mwaka 2008 Mustafa Hassanali, mbunifu wa mavazi ambaye kwanza alisomea udaktari, alianzisha Swahili Fashion Week pale Dar es Salaam, wabunifu wa nchi zetu wakapata mahali pa kukutana. Hayo yaliandikwa magazetini. Yasiyoandikwa ni haya yafuatayo.

Mtazamaji huiona nguo moja kwa muda wa dakika moja hivi. Mwanamitindo mmoja huweza kuvaa nguo tatu au nne usiku huo. Akitoka jukwaani ana dakika mbili, pengine chini ya hapo, kabla ya kurudi na vazi jingine. Hawezi kujivalisha mwenyewe. Anasimama mikono juu kama mtoto, watu wawili wanamvua na kumvika, wa tatu amepiga magoti anamvalisha viatu.

Dakika mbili hizo hazifaulu kwa mbio. Hufaulu kwa maandalizi ya tangu asubuhi. Kila vazi lina henga yake na kipande cha karatasi chenye jina la mvaaji na namba ya kutoka. Hereni na shanga ziko katika mfuko mdogo uliofungwa kwenye henga hiyo hiyo. Henga zimepangwa kwa utaratibu wa kutoka, si kwa uzuri wala kwa rangi. Vifungo vyote vimefunguliwa, zipu zote zimeshushwa. Viatu vimetangulizwa chini ya nguo zake, na kama ni vya kuazima, nyayo zimebandikwa karatasi ya gundi ili virudi kwa mwenyewe bila mikwaruzo. Kabla ya kumvika mtu gauni jeupe, unamfunika uso kwa mtandio mwepesi, kwa sababu poda na rangi ya mdomo zikishika kola, vazi limekwisha.

Mfukoni fundi ana sindano zilizokwisha kutungwa uzi: mweupe, mweusi, na wa rangi ya nguo za usiku huo. Ana mkasi, chaki, pini, na kipande cha sabuni cha kusugua zipu inayokwama. Penye pazia anasimama mtu mmoja mwenye orodha, naye ndiye mkubwa wa wote kwa saa hiyo. Akisema nenda, unakwenda. Akisema simama, hata mbunifu mwenyewe anasimama. Kuna fundi wa taa, fundi wa muziki, wapambaji wa nyuso na nywele, na kuna yule anayekaa nje karibu na jenereta akiomba Mungu.

Kosa moja dogo huharibu yote. Tarehe 28 Novemba 1973 wabunifu wa Marekani walikwenda kuonyesha mavazi yao Versailles, Ufaransa, mbele ya wakubwa wa dunia. Pazia lao la picha lilipimwa kwa futi, na jumba lile lilikuwa la mita. Lilipotundikwa likawa fupi. Ilibidi watumie jingine, na onyesho lao likasifiwa kuliko la wenyeji. Wanamitindo weusi waliotembea usiku ule wanakumbukwa hadi leo. Lakini mimi nikisikia habari ile huwafikiria waliokuwa nyuma wakihangaika na pazia. Ninyi mnaocheka, kumbukeni kwamba duka la Musoma hukuuzia kitambaa kwa mita, na fundi hukupima kwa inchi.

Na mimi nimekosea. Katika miaka yangu ya mwanzo nilibana kiuno cha gauni kwa pini, nikasahau kuitoa nilipokwisha kushona. Binti aliyelivaa alitembea hadi mwisho wa jukwaa akitabasamu, akageuka, akarudi. Alipofika nyuma ya pazia nikaona damu kwenye bitana. Hakunitukana. Alisema tu, "Kaka, siku nyingine hesabu." Tangu siku ile nahesabu pini zinazotoka na zinazorudi, kama daktari anavyohesabu vyombo kabla ya kumshona mgonjwa. Yeye ndiye aliyepigiwa makofi, na tabasamu lile lilikuwa kazi. Sisemi kwamba wanaoonekana hawafanyi kazi. Nasema tu kwamba si wao peke yao.

Jambo jingine nawaambia ninyi wadogo zangu mtakaotafuta kazi hii. Mwenye onyesho mmoja, ambaye sitamtaja, alitusimamisha siku tatu bila kulala. Watu wakapiga makofi, yeye akapewa maua, sisi tukaambiwa, "Njooni kesho." Ile kesho bado haijafika. Basi kabla hujafungua sanduku la kwanza la nguo, malipo yaandikwe, na kila upande utie sahihi. Asiyeonekana ni rahisi kudhulumiwa, maana hata akilalamika watu huuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Sasa twende mbali zaidi ya pazia. Mama yangu anatoka Bunda, na likizo zetu zilikuwa za pamba. Wengi hapa mnajua: mbegu huingia ardhini Novemba na Desemba, mavuno huanza kama Mei, na usiku watoto hukaa kwenye mkeka wakitenganisha pamba safi na fifi. Ukichanganya fifi katika safi, baba anashushiwa daraja na bei inaanguka. Katika kilo 100 za pamba mbegu, kama theluthi tu ndiyo nyuzi. Kisha kuna kuchambua, kusokota, kufuma, kutia rangi. Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania imekuwa ikiuzwa nje kabla ya kufika kwenye cherehani yoyote ya kwetu, na MUTEX, iliyotuonyesha kwamba pamba ya Mara inaweza kuwa kitambaa papa hapa Mara, baadaye ilisimama. Kwa hiyo shati zuri likipita jukwaani, mimi huona nyuma yake foleni ndefu sana, na mwisho wa foleni kuna mtoto wa Bunda anayechambua fifi kwa mwanga wa kibatari.

Ndugu zangu, hatujazoea kuuliza. Tunafundishwa kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge Kilimanjaro. Ni haki tufundishwe. Lakini nani kati yetu amewahi kuuliza bendera ile ilipigwa cherehani na nani? Tunatundika picha za Mwalimu Nyerere akiwa amevaa suti yake iliyonyooka. Fundi wake alikuwa nani?

Wala Mwalimu mwenyewe hakutaka tuwe hivyo. Mzee wa Butiama aliandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, akitaka shule ziwe na mashamba na karakana, ili msomi asijione ametengwa na watu wanaofanya kazi kwa mikono. Tulikariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani. Nami nakiri mbele yenu: kwa miaka mingi, katika orodha ya darasa letu ndani ya kijarida hiki, nilijaza kwamba mimi ni "mfanyabiashara". Niliona haya kuandika "fundi". Nilipata alama nzuri za siasa, lakini somo lenyewe sikulielewa.

Hii ndiyo sababu nasema haya leo wala si mwaka ujao. Alasiri tutapiga kura juu ya matumizi ya michango yetu. Liko pendekezo la kujenga geti jipya lenye jina la shule na majina ya waliochangia. Liko na ombi la wanafunzi, limeandikwa kwenye karatasi moja ya daftari na kuwekwa mwisho wa makabrasha: waezekewe upya ile stoo inayovuja, na wapewe cherehani nne na pasi mbili, washone na kurekebisha sare zao. Sina ugomvi na geti. Geti ni heshima ya shule, na wageni wataliona. Naomba tu kabla ya kunyoosha mkono, kila mmoja aende nyuma ya bwalo akaitazame stoo ile. Sare zinarundikwa juu ya madebe kukwepa maji. Kama kura itakwenda kwenye geti, nitachangia geti kama wengine. Na jina langu, kama litachorwa pale, naomba liandikwe pamoja na kazi yangu: fundi.

Nimekwisha sema na vijana wale watatu. Cherehani ya kwanza naileta mimi, kura iwe vyovyote. Ni ya miguu, haihitaji umeme, na nimeitumia tangu Mukendo. Nimewawekea sharti moja tu, nalo ni kuhesabu pini.

Ndugu Mwenyekiti, kwa idhini yako naomba jambo la mwisho. Zawadi za jana zilikwisha, najua. Lakini makofi hayana bajeti. Wale watatu wako pale nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Naona yule mdogo bado ana majivu sikioni. Naomba wasimame. Nasi tusimame.